Bangi Yenye Woga Ndani

Kitanda kilikuwa kimeshapakiwa kwenye mkokoteni, miguu juu, na cherehani imefungwa kamba juu yake, wakati Kinanda alipotoka ndani amekumbatia kioo cha ukutani kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto.

"Hicho nacho ni changu," mkewe alisema. "Weka."

"Mke wangu, sasa nitajitazama wapi?"

"Kwenye ndoo. Na ukijiona, jiulize una kazi gani."

Hapo aliguswa penyewe. Tangu aoe, Kinanda alikuwa muuza bangi, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ukimgusa tu anatoa wimbo unaoutaka wewe. Halafu serikali, bila kumshirikisha, ikaihalalisha bangi. Waheshimiwa walikaa kwenye viti vya kuzunguka, wakainua mikono, na jioni ile ile mtu mwenye ndoa yake akawa hana kazi. Hakuna aliyemwandalia hata chai ya kumuaga.

"Nakwenda kwa kaka," mkewe alisema huku akijifunga kitambaa kichwani. "Mimi nimeolewa na mlango wa nyuma. Wateja wako wanapita nyuma, na wewe ukirudi unapita nyuma, viatu mkononi. Siku utakapokuwa na duka lenye mlango wa mbele na leseni ukutani, njoo. Kabla ya hapo usinipigie hodi."

Mkokoteni ukaondoka, magurudumu yakilia. Kinanda akaufuata, akisaidia kusukuma penye mwinuko, maana hata mtu anayeachwa ana adabu zake.

Walipofika mbele ya duka jipya la bangi, lenye vigae vyeupe na kiyoyozi, mlangoni akatokea mwalimu mkuu mstaafu, mteja wa siku nyingi. Alishika mfuko wake wa karatasi kama mtu anayepeleka mkojo maabara.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona uso umeanguka?"

"Marahaba. Kinanda, wamenipa namba! Nimekaa kwenye kiti nikaitwa. Binti mwenye koti jeupe ananiuliza kama napata choo vizuri, ananipa karatasi ya ushauri, halafu anasema, 'Karibu tena, babu.' Babu!" Mzee aliubana mfuko kwapani. "Zamani nilikuwa naificha kwenye soksi. Nikipita kituo cha polisi, moyo unadunda mpaka nausikia kwenye meno. Nikifika nyumbani, hata sijaiwasha, nimeshalewa. Hii ya jana nimevuta nikasinzia kwenye taarifa ya habari."

Kinanda akaachia mkokoteni. Ukarudi nyuma, msukumaji akatukana, mke akageuka na kumwona mumewe amesimama katikati ya barabara mdomo wazi. Watu wengine hushukiwa na ufunuo mlimani. Kinanda alishukiwa mbele ya kiyoyozi.

"Mwalimu," alinong'ona, akitazama kushoto na kulia ingawa hapakuwa na cha kutazama, "ninayo ile yenyewe. Haina kibali, haijapimwa, haijawahi kuona sabuni. Ila ni hatari."

Macho ya mzee yakawaka. "Hatari kiasi gani?"

"Ukikamatwa nayo, hunijui."

"Sikujui!" mwalimu alisema kwa furaha ya kijana.

Kazi yenyewe haikuwa na uzito. Kinanda aliingia duka lile lile, akapewa namba, akakaa kwenye kiti, akaulizwa habari za choo. Nyumbani aliitoa bangi ya watu kwenye kopo lake zuri, akaipaka masizi kidogo, akaifunga kwenye gazeti kuukuu, na tayari ikawa haramu. Bei aliipandisha mara tatu. Aliuzia kwenye uchochoro nyuma ya karakana ya seremala, na mteja alitakiwa kukohoa kwanza kabla hajasema neno. Mwalimu alimleta meneja wa benki. Meneja alimleta Mama Kwaya, kiongozi wa waimbaji wa kanisani kwao, ambaye alifika amevaa koti la mumewe na miwani nyeusi, akakohoa kwa sauti ya kwanza, safi kabisa.

Lakini haikuchukua muda meneja akaja na malalamiko.

"Polisi wako wapi?"

"Polisi gani, bosi?"

"Nimelipa bei yote hii halafu nimetembea salama mpaka nyumbani! Huu ni wizi, bwana."

Ni kweli, na Kinanda hakupenda kuitwa mwizi kwa kosa ambalo si lake. Akaenda kumwona shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu alikuwa askari wa kikosi cha kukimbiza wauza bangi. Jumapili alikula kwa Kinanda, Jumatatu akamkimbiza, na hakuna aliyemnunia mwenzake. Sheria ilipobadilika kikosi kilivunjwa, naye akapewa kazi ya kuegesha magari ya watu wanaokuja kununua bangi.

"Shemeji, ile filimbi bado unayo?"

Shemeji aliitoa mfukoni, ina joto la mwili. "Siku nyingine naipiga chooni," alisema. "Taratibu."

"Unakumbuka ulivyokuwa unanikimbiza?"

"Nitasahau vipi? Unatupa begi kwanza, ndipo unakimbia. Hukuwahi kukosea hata siku moja."

"Ndiyo kazi, shemeji. Bila begi hakuna kesi. Mimi nikisikia filimbi mkono unaachia wenyewe, akili haijaulizwa."

"Wenyewe," shemeji alirudia polepole, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Basi Ijumaa jioni ikawa siku ya msako. Filimbi inalia, tochi inamulika, "Simama hapo hapo!", na watu wazima wenye pensheni wanatawanyika kama kuku. Meneja aliacha kiatu kimoja ukutani na hakukubali kurudishiwa. Mama Kwaya aliruka uzio wa seremala kwa gauni la kanisani, akaanguka kwenye maranda, akacheka mpaka akashikwa kwikwi. Mwalimu mkuu alitoa rushwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaomba chenji.

Kinanda akaanza kuupita mtaa mkuu taratibu, akikitazama chumba kimoja cha kupanga chenye mlango wa bluu. Mlango wa mbele. Usiku aliota anaufungua kwa ufunguo wake mwenyewe, mkewe ameketi ndani, na hakuna aliyeshika viatu mkononi.

"Ijumaa hii ya mwisho," alimwambia shemeji. "Jumatatu naulipia ule mlango wa bluu wa mtaa mkuu, kisha naenda ofisi ya leseni. Hela yote imo kwenye begi, na picha zangu za pasipoti. Nyumbani siachi, kuna wezi."

"Umefanya vizuri. Mji umejaa wezi."

"Usimwambie dada yako. Nataka nimshtue."

"Atashtuka tu," shemeji alisema.

Ijumaa ile Kinanda alikuwa bado peke yake uchochoroni, hakuna mteja hata mmoja, filimbi ilipolia nyuma ya shingo yake. Alijua ni nani. Alizijua pumzi zile. Betri za tochi ile alizinunua yeye. Lakini mkono ulishaachia, na miguu nayo haikungoja maelezo. Akajikuta ng'ambo ya ukuta, kichwa kwenye maranda, ndipo akakumbuka kwamba polisi huyu ni wake.

Aliporudi hakukuta begi wala polisi. Picha zake za pasipoti tu zilikuwa chini, zimewekewa jiwe juu zisipeperuke.

Alikwenda kituoni kushtaki. Njiani aliyapanga maneno: mimi nilikuwa nauza bangi halali nikisema ni haramu, sasa polisi wangu wa bandia... Alipofika getini akasikia anavyosikika, akawasalimia askari vizuri, akapita.

Jumatano iliyofuata akakuta mlango wa bluu uko wazi. Leseni ilikuwa ukutani, pembeni ya kile kioo, na chini yake mkewe alikuwa kwenye cherehani akishona suruali ya askari.

"Karibu," alisema, hakuinua kichwa. "Mlango wa mbele huo. Umeuona?"

"Begi langu, mke wangu."

"Lipi? Lile ulilolitupa?"

Kinanda aliutazama mkono wake, ule usiongoja akili.

"Umetupa mabegi tangu unioe," mkewe alisema, akikata uzi kwa meno. "Hela ya unga wa ugali ilikuwa humo, na ya kodi ya nyumba. Kila siku wanaokota watu wengine. Safari hii nimeokota mimi. Sasa sikiliza: nahitaji mtu wa kukimbizwa anayejua kazi, na kaka anasema hakuna kama wewe. Unataka, hutaki?"

Kinanda alijitazama kwenye kioo. Alikuwa na maranda bado kwenye nywele.

"Kitanda kimerudi?" aliuliza.

"Kimerudi."

Duka liliandikishwa kama maigizo ya kihistoria na linalipa kodi. Mwalimu mkuu alivunjika kifundo cha mguu ukutani, na hadithi hiyo anaisimulia mpaka kwa wasiotaka. Meneja aliidhinisha mkopo wa kuurefusha ukuta. Mama Kwaya huja Jumanne na waimbaji wa sauti ya pili. Shemeji ana sare mpya na haendi tena chooni na filimbi. Binti mwenye koti jeupe huwauzia bangi kwa jumla, na bado huwauliza habari za choo. Mke wa Kinanda huketi mbele, penye leseni yenye jina lake na picha yake.

Kinanda hukimbizwa kila siku isipokuwa Jumapili. Filimbi ikilia anatupa begi, mkewe analiokota. Huingia kazini kwa mlango wa nyuma, kama mkataba unavyotaka, ili wateja wasimwone kabla hajatokea.