Jino Langu, Kiingereza Changu na Sekela

Jumatatu, 2 Julai 1956, Mbeya
Shavu limevimba kama andazi. Dresa, mganga msaidizi wa hospitali, kasema jino limevunjikia ndani. Ijumaa daktari wa meno toka Iringa atanilaza kwa dawa ya usingizi. Nisile kitu tangu usiku, na nije na mtu wa kunirudisha nyumbani. Liberatus, ninayekaa naye dawati moja, kajitolea upesi. Huruma? Aa wapi! Kasema wanaovutishwa dawa ile huropoka yote ya moyoni. Kisha akanikonyeza, akamtaja Sekela. Sekela wa kwaya, ambaye sijathubutu kumwambia hata hujambo! Nilitamani kumng'ata mshenzi yule. Kwa jino lipi?

Jumatano, 4 Julai
Nimepata dawa ya dawa. Nitaropoka Kiingereza! Atanisindikiza mama, asiyejua hata "yesi". Liberatus nimemkatalia. Kanuna. Anune! Tangu asubuhi nasema Kiingereza tu, hata na mbuzi. Mdogo wangu Yudith, kimbelembele, kamwambia mama uvimbe umenipanda kichwani.

Ijumaa, 6 Julai
Siandiki. Nina hasira.

Jumamosi, 7 Julai
Kiingereza kilitoka. Tena kingi! Mama akadhani nakata roho, akakimbilia foleni akilia: "Jamani, nani kasoma hapa? Mwanangu anaaga na simwelewi!"

Na nani alikuwa foleni, mtoto wa dada yake mgongoni? Sekela. Yuko darasa la nane, Kiingereza anakijua! Kaingia, kasikiliza, kafasiri kwa sauti, mbele ya dresa na foleni nzima. Hata pale niliposifu shingo yake. Mama anasimulia akicheka kwamba hapo watu waliomba arudie. Akarudia!

Mama haoni kosa lake. Eti afadhali mapenzi kuliko kifo. Nataka kufoka, lakini mdomo umejaa pamba.

Jumapili, 8 Julai
Sekela kaleta uji baada ya ibada. Nilijificha nyuma ya zizi. Kaacha ujumbe kwa mama: yale niliyosema nimelala, nikamwambie nikiwa macho, naye atajibu. Nikiwa macho! Huku ananitazama! Ana wazimu? Mama kanifukuza nimkimbilie, bado yuko barabarani. Nimeunywa uji wote kwa hasira.

Jumatatu, 9 Julai
Nimepata njia. Daktari yupo hadi Alhamisi. Jino la upande wa pili ni zima kabisa, linamenya hata muwa. Tangu alfajiri nimelishika shavu na kulia. Safari hii nitaropoka Kiswahili, na wa kunisindikiza awe Sekela.