Chemli ya Bibi Violet

Jumatatu, 4 Agosti
Mkomaindo yote inamzungumzia jirani yangu Bernard! Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vibatari vya zamani uani kwake, akahojiwa redioni. Sasa anaitikia shikamoo kama askofu. Uani kwangu wamekuta kipande cha kandambili. Haikubaliki! Babu yangu alikuwa mwalimu wa misheni. Ninayo chemli ya marehemu Bibi Violet, niliyokabidhiwa na binti yake, Shangazi Cecilia, niitunze. Jumamosi inawashwa kaburini, kwenye kumbukumbu, kama kila mwaka. Naifukia leo, wataikuta kesho, nitapongezwa, watanirudishia. Rahisi.

Jumanne, 5 Agosti
Wameikuta! Dada Sia, mkubwa wao, mtu wa Moshi, alipiga magoti akaipangusa kwa brashi. Bernard kanuna! Sia akauliza nani anaitambua. Nikaapa sijapata kuiona. Akaitia kwenye boksi, akasema kisicho na mwenyewe ni mali ya taifa. Hilo hakulisema mapema.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemfuata Sia, nikamwomba aniazime hadi Jumapili. Akasema pole Baba Witness, haiwezekani. Akaongeza kuwa tangi linanuka mafuta ya taa, anashangaa yamedumuje ardhini. Ningesema ukweli pale pale, ningeondoka nayo. Lakini Bernard alikuwa kasimama mlangoni. Nikasema mafuta ya zamani yalikuwa imara.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku mbaya. Shangazi kaja kutoka Chilangala na kiberiti chake. Huwa anawasha chemli, kisha tunataja marehemu wetu mmoja mmoja hadi tumalize, na taa haizimwi kabla. Akaniomba chemli. Nikamwambia imeheshimiwa na serikali. Hakugomba. Aliuliza tu kama na mama yake nimempa serikali. Tukawasha mshumaa. Upepo wa kaburini ukauzima kabla hajafika jina la Violet. Akawasha tena, ukazima tena. Akakaa na kiberiti mkononi, analia kimya. Niliona aibu, niliumia kweli. Aliondoka bila kula, hata birika la chai alilokuja nalo kalisahau kwangu.

Jumapili, 10 Agosti
Maonyesho uwanja wa kanisa. Chemli iko mezani, na kikaratasi: mwenyewe hajulikani. Shangazi hakuja. Sikulala, nimewaza, na dawa nimeipata. Sia akipata kitu cha maana zaidi atafurahi, ataniachia chemli. Birika la Shangazi ni la shaba, la zamani kabisa. Udongo wa nyuma ya jiko ni laini.