Mkaa wa Magunzi kwa Mtaro wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe hali mbaya. Daktari kasema arudishwe nyumbani, na sote tumemwelewa. Kitanda chake kiko dirishani, na chini ya dirisha unapita mtaro wa maji machafu ya mtaa mzima, unaoanzia huku kwetu juu. Leo kanishika mkono. Kasema uvundo unamtesa, mimi fundi wa mambo niwe napita kuutazama mtaro. Mimi! Hakumwambia shemeji, mwanawe wa kumzaa. Nimemwambia atulie. Nitachoma magunzi ya mahindi, nipate ule mkaa unaonyonya uchafu na harufu, maji yachujwe humo. Mke wangu kaguna tu.

Jumanne, 5 Machi
Pipa nimelijaza magunzi, kifuniko nimekiziba kwa udongo. Sharti ni moja: lisifunguliwe mpaka lipoe. Nikafungua. Nilitaka kuchungulia kidogo tu! Hewa ikaingia, moto ukalipuka. Sasa nina pipa la majivu na sina nyusi. Mke wangu kapiga simu kutoka kwao, mama ananiulizia. Nikamjibu kazi ya mama ndiyo hii.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kahamishia kitanda cha mama chumba cha mbele. Ati uvundo haufiki huko. Ndiyo akili yake yote hiyo, kusukuma kitanda, na watu wanamsifu! Nimeumia. Nimechoma upya, nikajifungia ndani nisichungulie, kisha mkaa nikaupitishia mvuke. Umetoka mwepesi, vitundu tele. Mama kaniulizia tena.

Ijumaa, 8 Machi
Nilimimina maji ya mtaro kwenye ndoo ya mkaa. Yakatoka meusi kuliko yalivyoingia! Kumbe mkaa huoshwa kwanza. Nikauosha. Wapi? Mtaroni. Masizi yote yakateremka hadi kwa wakwe. Simu ya shemeji ikalia, sikupokea, nilijua anataka kufoka. Ikalia tena. Mwishowe akaja mwenyewe. Hakufoka. Alisema mama amefariki, na ameniulizia mpaka mwisho. Nililia pale pale, ndoo mkononi.

Jumatatu, 11 Machi
Tumezika juzi. Leo maji yametoka maangavu, hayana harufu hata chembe! Nimempelekea mke wangu glasi nzima. Hakuitazama. Kasema pua ya mama ilikuwa hainusi chochote tangu augue. Mtaro aliutaja ili nipate sababu ya kwenda kukaa naye, maana alijua bila kazi siendi. Nilimpenda sana yule mama.

Jioni baba mkwe kanipigia. Nyumba imekuwa kubwa, anasema, niende kesho tukae tu. Masikini mzee wa watu! Nimemwahidi nitakwenda. Ila kwanza nichome pipa moja la vifuu vya nazi. Mkaa wake ni bora zaidi, na mtu haendi kwa mkwewe mikono mitupu.