Ombi la Kushusha Pato la Taifa kwa Siku Kumi na Nne

Isevya, Tabora.
7 Juni 2025.

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Hesabu za Pato la Taifa,
Makao Makuu.

Kupitia kwa: Mkuu wangu wa kazi (hajui).

YAH: OMBI LA KUSHUSHA PATO LA TAIFA KUANZIA LEO HADI JUMAMOSI TAREHE 21 JUNI

Mheshimiwa, shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa muda, mwenye mkataba wa miezi sita, ninayezunguka vijijini kuuliza kaya zimevuna nini, zimeuza nini na zimekula nini. Karatasi hii ni yangu, kalamu ni yangu, na stempu nimeinunua kwa pesa yangu. Sikutumia chochote cha ofisi isipokuwa elimu niliyopewa kwenye semina, ambayo sijui kama ninatakiwa kuirudisha. Barua pepe nimeiogopa kwa kuwa huacha alama. Naomba pia ieleweke mapema kwamba sina nia ya kuhujumu uchumi. Nimesoma adhabu ya kosa hilo mara mbili, na mara ya pili nilisoma nimekaa.

Ninataka kuoa. Mchumba wangu anaitwa Ange, wa Ulyankulu. Chanzo cha matatizo yote ni mimi mwenyewe, na ninakiri hapa ili nisije kuulizwa baadaye. Siku nilipokwenda kujitambulisha, baba yake, Mzee Leopoldi, mkulima wa tumbaku, alinikaribisha, akanikalisha kwenye kigoda, kisha akanyamaza. Mimi nikinyamaziwa huogopa, na nikiogopa huongea. Akauliza, "Kazi yako ni nini hasa?" Ningeweza kusema "karani" tukaishia hapo. Badala yake nilimweleza, kwa muda wa saa moja na robo, jinsi pato la taifa linavyopimwa: kwamba hujumlishwa vyote wanavyopata wakazi wa nchi, vya ndani na vinavyotoka nje, hukatwa vinavyokwenda kwa wageni, jumla hugawanywa kwa idadi ya watu, na jibu hulinganishwa na mwaka mmoja uliochaguliwa, uitwao mwaka wa kizio, ili ijulikane kama tumepanda au tumeshuka.

Mzee Leopoldi hakusinzia. Hilo lilipaswa kunishtua, maana kwenye semina tulisinzia hata sisi. Alimwita mwanawe Tobia amletee kauntabuku, akaandika yote.

Tangu siku hiyo mahari ya Ange inapimwa kwa utaratibu wenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Redio ilitangaza kwamba wastani wa pato la kila mtu umepanda. Mzee Leopoldi akaniletea ujumbe wa pongezi kwa kupandishwa. (Ujumbe wake huletwa na Tobia kwa pikipiki. Ni kijana mwaminifu, ila safari hiyo humtia kiu kubwa. Huomba maji kwa dada yangu Agnetha mara mbili hadi tatu kabla ya kuondoka.) Nilikwenda kumweleza Mzee kwamba wastani ni hesabu tu. Mwenye mabasi arobaini na mimi mwenye baiskeli tukijumlishwa na kugawanywa, kila mmoja anatoka na mabasi ishirini, lakini jioni mimi bado ninakanyaga pedeli. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Redio imesema kila mtu," akasema. "Kwani wewe si mtu?" Nilijibu kwamba ni mtu, na jibu hilo likaandikwa.

2. Rosalia, dada mkubwa wa Ange, aliolewa mwaka 2007 kwa ng'ombe wanne. Mzee ameuteua mwaka huo kuwa mwaka wa kizio. Alichukua wastani wa pato wa wakati ule na wa sasa, kwa shilingi kama zilivyotangazwa, akapata kwamba tumepanda mara tatu na nusu (nisingependa kuulizwa alivyoipata), akazidisha. Ng'ombe kumi na wanne. Nilimweleza kwa upole kwamba shilingi hupungua nguvu, ndiyo maana sisi hutumia bei za kudumu, yaani za mwaka mmoja kwa miaka yote. Lakini ng'ombe hapungui nguvu, na wanne wa wakati ule ni wanne wa leo. "Hapana," akasema. "Ng'ombe wa wakati ule alikuwa mnene." Mheshimiwa, nimetazama katika mwongozo wetu wa takwimu, na kweli mwongozo unataka mabadiliko ya ubora yazingatiwe. Ukurasa huo nimeukunja na sijamwonyesha. Mama yake Ange naye aliuliza kutoka jikoni hizo bei za kudumu zinapatikana soko gani, maana angependa kununulia vitunguu huko.

3. Kaka yangu Adriano yuko Ndola, Zambia, mwaka wa sita sasa. Kwa kuwa nilisema pato la taifa huhesabu pia kinachotoka nje, Mzee amemwandikia Adriano ng'ombe wawili. Adriano hajawahi kutuma kitu isipokuwa picha yake akiwa ameegemea lori ambalo si lake. Nilieleza kwamba kwa utaratibu wetu mtu akikaa nchi nyingine zaidi ya mwaka huhesabiwa mkazi wa huko, hivyo Adriano ni wa Zambia. Hapo Mzee Leopoldi alifunga kauntabuku, na sauti yake ikashuka. "Kijana, hilo la nani mkazi na nani mgeni usinifundishe. Mimi nililetwa hapa mkimbizi, nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Miaka arobaini tumbaku yetu iliandikwa ya ndani, mimi nikaandikwa wa nje. Nani alinihesabu?" Mwongozo hauna jibu la swali hilo, Mheshimiwa, nimeupitia mara tatu. Niliona aibu kwa niaba ya mwongozo. Ng'ombe wawili wakabaki.

4. Shangazi yake Ange, Bi Esperansi, alikuwa amekaa pembeni tangu mwanzo. Alikuwa anapepeta karanga. Akauliza kama kupika, kufua na kulea wadogo nyumbani kumo katika pato la taifa. Nilijibu kwa ukweli kwamba hakumo. "Hakumo?" Hakumo, shangazi. "Ange amelea wadogo zake wanne, akanihudumia mimi mwaka mzima nilipovunjika nyonga, na nchi yote hiyo hakuna aliyeandika?" Akaweka ungo chini. "Basi andikeni kwenye mahari." Ng'ombe mmoja, tena mwenye ndama. Hapa kusema kweli sina malalamiko. Nimeliweka kwa ajili ya jumla tu, ambayo sasa ni kumi na saba.

5. Nilijaribu kusema kwamba mahari yenyewe haimo katika pato la taifa, kwa kuwa ni mali inayohama tu kutoka kwa mkazi mmoja kwenda kwa mwingine, na nchi haiongezeki hata kwa ukwato mmoja. "Inahamia wapi?" akauliza Mzee. Nikasema inahamia kwake. "Endelea," akasema.

6. Mshenga wetu, Mzee Abasi, fundi cherehani wa hapa Isevya, alitumwa kwenda kupunguza. Aliingia na viatu, akatozwa faini ya kuku. Kwa kutaka kufuta aibu hiyo akaanza kuusifu ukoo wetu: kwamba babu wa babu yangu alikuwa mpagazi mashuhuri, aliyebeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo na kurudi amejaa vitambaa begani. Mzee Leopoldi akachukua kalamu. "Alilipwa doti ngapi?" Mzee Abasi, ambaye hakuwepo enzi hizo, akasema thelathini kwa safari. Sasa ninatakiwa kupeleka takwimu za mapato ya ukoo wangu tangu enzi za misafara, mwaka kwa mwaka, zikiwa zimegeuzwa kutoka doti kuwa shilingi za leo. Mzee anasema ukoo uliokuwa unavaa vitambaa vipya wakati ule hauwezi kuja kumlilia umaskini sasa. Njia hiyo ya misafara inapita nyuma ya ofisi yetu. Nimekwenda kusimama hapo mara kadhaa saa ya chakula. Hakuna kumbukumbu iliyobaki isipokuwa vumbi na banda la kuoshea pikipiki.

7. La saba ni fupi. Nilipomsomea Ange malalamiko haya sita, alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Alisema ananipenda na atanisubiri mpaka masoko ya tumbaku yafungwe, ila hatanisubiri mpaka mwaka mwingine wa kizio.

Mheshimiwa, wazee wa pande zote mbili wanakutana tarehe 21 kufunga hesabu. Ng'ombe wanaotakiwa ni kumi na saba. Kwetu wapo watano, na mmoja wao amezeeka kiasi kwamba tunamhesabu kwa heshima tu. Baba yangu, Mzee Nikolaus, amesema wazimu huo wa redio hautamtoa hata ndama. Kwa hiyo ninaomba kwa unyenyekevu pato la taifa lishushwe kwa siku kumi na nne, na Jumapili ya tarehe 22, baada ya misa ya kwanza, lirudishwe lilipokuwa. Ili nisionekane ninaomba bila kusaidia, ninapendekeza njia tatu:

(a) Itangazwe redioni, saa ya taarifa ya habari, kwamba takwimu zilizotolewa zilikuwa za awali na zinaendelea kurekebishwa. Sentensi hiyo haina uongo. Sisi huiandika chini ya kila jedwali.

(b) Kama (a) ni nzito, basi idadi ya watu iongezwe. Pato hugawanywa kwa watu, na watu wakiongezeka wastani hushuka. Nimepiga hesabu: ili turudi mwaka wa kizio ninahitaji watu wa ziada kama milioni mia moja na sitini. Sihitaji wawepo. Ninahitaji waandikwe.

(c) Kama hata hilo haliwezekani, basi nipewe mimi binafsi barua yenye muhuri, inayothibitisha kwamba Leodgar Nikolaus ametolewa katika wastani, na kwamba redio ikisema "kila mtu" haimsemi yeye. Najua nikishatolewa, wastani wa Watanzania waliobaki utapanda kidogo sana. Hiyo iwe zawadi yangu kwa taifa.

Nimejitahidi kufikiria madhara. Wakopeshaji wa nchi huenda wakashtuka katikati ya juma la kwanza, lakini wakiambiwa ni kwa ajili ya harusi naamini wataelewa, maana nao wana watoto. Kama kuna kikao kitakachoitishwa juu ya jambo hili, naomba nisiitwe. Kama ni lazima niitwe, naomba nijulishwe kama ninatakiwa kuja na mwongozo, kwa sababu ukurasa mmoja umekunjwa.

Naomba unisalimie wote hapo Makao Makuu: wa kilimo, wa bei, wa idadi ya watu (kwao ninaomba radhi mapema), yule mama wa semina aliyeniongezea soda bila kuniandika, na mlinzi wa getini. Nyumbani hatujambo. Agnetha anakusalimia ingawa hajui ninamwandikia nani.

Ni mimi, niliye chini kabisa ya wastani,

Leodgar Nikolaus,
Karani wa muda.

Nyongeza, siku hiyo hiyo jioni. Kabla sijafunga bahasha Tobia alifika kwa pikipiki, na safari hii alikuwa amempakia mzee mmoja wa kwao aliyevaa koti. Tobia mwenyewe alibaki nje na hakutaka hata maji. Yule mzee akaingia na kutoa barua ya posa: Tobia anaomba kumuoa Agnetha. Baba aliisoma mara mbili, akavaa miwani, akaniuliza kama na mimi ninayo kauntabuku.

Shangazi yangu Magreth aliolewa mwaka 2007 kwa ng'ombe watano. Mara tatu na nusu ni kumi na saba na nusu, na kwa kuwa nusu ng'ombe hatembei, Baba ameandika kumi na wanane. Nilipomkumbusha kuhusu bei za kudumu aliniambia niache kubishana na redio.

Baada ya saa moja Mzee Leopoldi akanipigia simu. "Mkwe," aliniita, na ilikuwa mara ya kwanza. "Hivi huko kwa wakubwa zako, hili pato haliwezi kushuka kidogo kabla ya Jumamosi ile?" Nilimjibu, kwa heshima zote, kwamba takwimu za nchi hazishushwi kwa sababu ya harusi ya mtu.

Nikamsikia Ange pembeni yake. "Baba, kumi na saba waje, kumi na wanane waende, si watagongana njiani? Waacheni wote walale walipo. Huyo mmoja aliyezidi tumle harusini."

Mzee Leopoldi akanyamaza, muda mrefu. Safari hii na mimi nilinyamaza.

"Ng'ombe wa siku hizi si wanene," akasema mwishowe, "lakini huyo atatutosha."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, pato la taifa naomba lisiguswe. Barua naituma kwa sababu tu stempu nimekwisha kuibandika, na haikuwa ya ofisi.