Ombi la Kuwazuia Ndugu Wasihudhurie Kifo Changu cha Jumamosi

Katy, Texas
10 Aprili 2019

Kwa Mwenyekiti, Bwana Sadock Kamugisha,
Chama cha Kufaana, Katy.

Shikamoo Mwenyekiti,

Nakuandikia kwa cheo chako, si kwa ubaba wako. Nimeishi nyumbani kwako miaka kumi na saba na nimeona ni kipi kati ya hivyo viwili kinachojibu barua.

Kama Chama kinavyojua, niko mwaka wa mwisho katika shule ya sekondari ya sanaa mjini Houston, upande wa maigizo ya kuimba. (Taarifa ya Chama ya Januari iliandika kwamba nasoma "maandalizi ya udaktari". Naomba isahihishwe, lakini hakuna haraka.) Katika igizo la mwaka huu mimi ni mama mjane anayefariki karibu na mwisho. Ijumaa iliyopita, siku ya ufunguzi, wanachama kumi na wanne walinipa heshima ya kuja kutazama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Igizo lilianza saa moja. Wanachama, wakijua kwamba saa moja ya mwaliko ni saa mbili ya kweli, waliingia saa mbili kasoro dakika tano. Kwa kuwa wamelelewa vizuri, waliwapa mkono watu wote wa safu ya tatu, mmoja mmoja, huku mimi naimba. Mzee mmoja wa Kimarekani alisimama kabisa kupokea salamu. Nadhani alidhani ni sehemu ya igizo.

2. Katika wimbo wangu mkuu mjane anauliza, peke yake, ni nani atakayekaa naye. Ni swali la upweke. Halijibiwi. Mama Lydiah alilijibu: "Tupo mama! Sisi tupo!" Vigelegele vikafuata. Jinsi mjane alivyoendelea kuwa mpweke baada ya hapo ni juhudi zangu binafsi.

3. Nilipoanguka nife, Shangazi Theodora, dada yako, alipanda jukwaani. "Nipisheni, mimi ni nesi!" Akanishika mkono, akatazama saa yake, akawatangazia watu mia tatu: "Mapigo yapo!" Kisha akaniinamia. "Inuka mwanangu, acha kujichuria kifo." Nikamnong'oneza kwamba nimekufa. "Umekufaje na unaongea?" Akanifunika kitenge chake, akaketi kando yangu hadi pazia lilipofungwa. Waombolezaji halisi, yaani wale waliofanya mazoezi tangu Januari, ilibidi wamzunguke.

4. Kesho yake Katibu aliandika kwenye kundi la WhatsApp: "Queen alianguka jana shuleni. Anaendelea vizuri, tuzidi kumwombea." Kufikia Jumapili pole zilikuwa zimefika kutoka mji wa Stafford, na Mama Clothilde, Mrundi wa Mesquite, mwendo wa saa nne kwa gari, ambaye sijawahi kumtia machoni, alikuwa ameniombea misa. Jumatatu walitumwa watu wawili na chupa ya uji. Niliunywa. Ulikuwa mzuri, lakini hilo si hoja.

5. Mwenyekiti mwenyewe, mjane alipoanza kukohoa, alitoka nje akaenda kukaa kwenye gari. Njia nzima ya kurudi Katy alisema sentensi moja: "Hawakuwa na nafasi ya mtu asiyekufa?"

Jumamosi hii ni onyesho la mwisho. Watakuja walimu watatu wa chuo pekee nilichoomba, na wakitoka hapo wataamua kama wanichukue au la. Kwa hiyo naomba uitishe kikao cha dharura huko Stafford, Jumamosi hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni. Ajenda iwe "Mengineyo" peke yake, maana sijawahi kuona mwanachama akitoka kwenye Mengineyo kabla ya saa tano. Shangazi apewe kazi ya kuandika kumbukumbu, asipate mwanya wa kunyanyuka. Milango ifungwe kwa nje.

Chama kikikataa, nitakosa chuo, nitasomea udaktari kama mlivyokwisha kunitangaza, na mkizeeka nitawapima presha mmoja baada ya mwingine huku nikiimba wimbo wa mjane, beti zote.

Nawasalimu wajumbe, wake zao na waume zao. Shangazi pamoja na kitenge chake. Mama, aliyenisihi nisiipeleke barua hii. Na Katibu, ambaye namwarifu rasmi kwamba sijambo.

Wako katika Chama, na chumba cha pili kushoto,

Queen Kamugisha

Nyongeza, Jumamosi asubuhi. Barua hii nilikuwa sijakupa, na jana kulikuwa na onyesho, hamkuja hata mmoja. Ukumbi ulitulia kama nilivyotaka. Nikauliza ni nani atakayekaa nami, watu mia tatu wakanyamaza kwa adabu, na mstari unaofuata ukanitoka kichwani. Nimeuimba tangu Januari. Nikafa bila mtu kunigusa, nikalala pale nikisikiliza kama mlango utafunguliwa.

Basi kikao kisiitishwe. Viti kumi na vinne vimewekwa kwa jina lako. Watu waambie ni saa kumi na mbili. Na wewe, Baba, nikianza kukohoa usitoke. Ile Ijumaa ya ufunguzi ulikuwa kwenye gari, hukuona: mwisho kabisa taa zinawashwa, tunarudi wote jukwaani kuwainamia watu, na anayetokea wa mwisho, mzima kabisa, huwa ni mimi.