Fimbo Tatu na Shuka ya Mursal

Jumanne, 4 Oktoba 1966
"Mtu mmoja akizungukwa na watu kumi wanaosema nyeupe ni nyeusi, mwishowe naye atasema nyeusi." Maneno ya karani Gitau, jana, kwenye kilabu chetu cha watumishi wa serikali tuliotoka bara kuja huku kaskazini, mdomo umejaa nyama. Eti Mmarekani fulani amethibitisha hivyo kwa kuwaonyesha watu mistari mifupi na mirefu. Upuuzi. Labda kweli kwa Wamarekani. Labda kweli kwa Gitau. Mimi nimegombana na wakuu wa shule kutoka Meru hadi Garissa na sijawahi kufuata kundi. Ushahidi: meza yangu kilabuni ina kiti kimoja.

Jumatano, 5 Oktoba
Nimeanza utafiti wangu. Fimbo tatu: fupi, ya kati, ndefu. Nikawanong'oneza wanafunzi wa mbele waseme fupi ndiyo ndefu, nione kama wa nyuma watafuata. Darasa zima likakubali. Nikauliza tena kwa ukali. Wakakubali kwa nguvu zaidi. Mwalimu mwenzangu Katunge, aliyekuwa dirishani, akaniuliza ni mtoto gani atambishia mwalimu aliyeshika fimbo tatu. Jaribio limefutwa.

Alhamisi, 6 Oktoba
Nimepata mtu wa kupimwa. Mursal, dalali wa mifugo, jirani yangu ng'ambo ya ua wa waya. Hajawahi kukubaliana na mtu kuhusu bei ya mbuzi. Ndiye pekee anayekuja barazani kwangu kunywa chai, kila jioni, mpaka askari wapige filimbi ya kutotoka nje. Akisimama imara, Gitau ataniomba radhi mbele ya kilabu kizima. Gitau na wenzake wamekubali kuja kusema uongo. Nimewaahidi soda.

Ijumaa, 7 Oktoba
Aibu tupu. Gitau akasema fupi ndiyo ndefu. Katunge akasema hivyo hivyo. Wengine wakafuata. Zamu ya Mursal. Akazitazama fimbo, akatutazama sisi, akatabasamu. "Walaahi, hii fupi ndio mrefu. Mrefu kabisa." Gitau akacheka mpaka soda ikamtoka puani.

Walipoondoka nikamkaripia. Mursal hakubisha. Alitoa shuka begani, akafunika mkono wake na wangu, kama wanavyofanya sokoni ili watazamaji wasiijue bei. Akashika kidole changu cha tatu, akakibinya. Fimbo ya tatu. Ile ndefu.

"Mdomo ni ya wageni, mwalimu," akasema. "Wamekuja kwako, mimi nitawaaibisha vipi? Ukweli iko kwa mkono."

Nikamweleza kwamba sayansi haifanyiki chini ya shuka. Akaniacha nimalize. Mkono wake ulikuwa na joto. Tangu nilipohamishiwa hapa hakuna aliyenishika mkono muda mrefu hivyo. Jambo hilo halihusiani na utafiti.

Jumamosi, 8 Oktoba
Leo Mursal alifika mapema. Tulibishana kuhusu ngamia tangu alasiri hadi filimbi. Alishinda, lakini sikukiri. Wakati tuko kwenye chai mtu alikata waya wa ua karibu na tangi la maji. Askari wamegundua jioni hii. Kelele nyingi, taa nyingi. Hakuna kilichoibwa.

Jumapili, 9 Oktoba
Mkutano wa dharura kilabuni. Gitau akadai Mursal ndiye aliyewakatia njia mashifta, wale waasi wa porini. Akataka tuiombe serikali imwondoe hapa, apelekwe kijiji cha kulindwa, ambamo askari huwafungia watu, huko kusiko na soko wala mtu wa kununua mbuzi. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Hatimaye nafasi yangu! Mursal alikuwa kwangu. Ninajua mimi peke yangu. Nikapanga hoja kichwani, nikasafisha koo.

Gitau akasema wanaokubali wainue mikono. Wakaanza kuinua, mmoja mmoja, meza hadi meza. Katunge aliinua nusu, akanitazama, kama anayesubiri nizungumze. Kisha nikaona mkono mwingine umeinuka, jirani kabisa na uso wangu. Ulikuwa umevaa saa yangu. Katunge akamalizia kuuinua wake.

Lakini iandikwe hapa: chini ya meza mkono wangu wa kushoto ulikunja ngumi. Ulikuwa unasema hapana. Hakuna aliyeushika.

Baada ya mkutano Gitau alinivutia kiti kwenye meza yao. Nilikaa. Nyama ilikuwa nzuri.

Jumatano, 12 Oktoba
Lori limemchukua Mursal asubuhi, na birika lake. Nilikwenda kumuaga. Akanipa mkono mbele ya askari, akasema kwa sauti wote wasikie: "Mwalimu ni mtu mzuri. Mzuri kabisa." Shuka ilibaki begani. Nimefarijika. Si kila siku mtu anasifiwa hadharani, tena na dalali.

Jioni nilichemsha chai ya watu wawili. Mazoea tu. Nikanywa vikombe vyote.

Kisha nimeandika tangazo, kesho nalibandika mlangoni mwa kilabu. Linasema hivi: Gitau, Katunge, na ninyi nyote mlioinua mikono Jumapili kama kondoo. Kila mmoja wenu aniletee kwa maandishi, kabla ya Jumamosi, sababu iliyomfanya auinue, na aeleze alikuwa akimwangalia nani. Mimi msinihesabu. Mimi nilikuwa nachunguza.