Mama Mkwe Aliyemwaga Upepo wa Basi Langu

Guamote, Ijumaa

Mheshimiwa Don Wilmer,
Mwenyekiti wa Ushirika wa Mabasi ya Bondeni.

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kiuno kimepoa. Mimi ni Fausto Yumisaca, mwenye lile basi la kijani liendalo Riobamba, linaloinama kulia kama mtu anayesikiliza umbea mlangoni. Kwa heshima na uchungu mwingi, namshtaki fundi wa ushirika wetu, Doña Delfina Paguay, ambaye kwa bahati yangu ni mama mkwe wangu.

Jumanne basi lilikataa kunyanyuka. Paipu ipelekayo upepo kwenye baluni la nyuma, lile linalolibeba basi badala ya springi, ilikuwa imechanika. Nikasema nitazama chini na utepe wa gundi, nitoke kabla kahawa haijapoa. Hapo ndipo mateso yalipoanza:

1. Nilishalala chali, kichwa ki chini ya basi lililobebwa na jeki moja, aliponikamata miguu akaniburuta nje kama gunia la viazi, abiria wanatazama. Akasema, "Fausto, sikumwoza binti yangu aje kuwa mjane kwa sababu ya paipu." Abiria mmoja alipiga makofi. Namjua.

2. Alilitendea basi kama mwizi aliyekamatwa. Kabari kwenye magurudumu, stendi za chuma chini ya chesisi, na ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo mkwe mwenye adabu hawezi kuufuata.

3. Alifungua tangi akamwaga upepo wote, na wa mabaluni pia, mpaka mshale wa geji ukalala kwenye sifuri. Upepo ule, Mheshimiwa, niliukusanya kihalali mlimani, na wa mlimani si sawa na wa bondeni. Nilimsihi asaze hata kidogo. Akajibu kwamba paipu ikichomolewa ina upepo, macho yangu yatafika mji wa Alausí kabla yangu.

4. Utepe wangu aliwatupia kuku. Paipu mpya aliikata kwa wembe, akaipitisha mbali na bomba la moshi, akaisukuma kwenye maungio mpaka ikagota. Kisu cha jikoni nilichomletea alikirudisha kwa mke wangu pamoja na maelezo. Maelezo yenyewe siyajui, ila chakula cha jioni kilikuwa mahindi matupu ya kuchemsha, na harufu ya nguruwe wa kuoka ilitoka kwa jirani.

5. Alijaza upepo polepole, akatufukuza sote tusikaribie, kisha akapaka maungio maji ya sabuni kutafuta mapovu. Hakupata hata moja. Sabuni ilikuwa yangu ya kuogea.

6. Na sasa basi limenyooka! Akina bibi wa sokoni wanalalamika kwamba ngazi imepaa mbinguni. Don Aurelio, aliyezoea kuegemea dirisha miaka yote, sasa anamwegemea mjane wa kiti cha pili, na watu wameanza kuuliza harusi ni lini.

Kwa hiyo naomba ushirika upige marufuku stendi, uruhusu utepe, na umwamuru mama mkwe anirudishie upepo wangu, au mwingine wa mlima uleule.

Wasalimie mama watoto, mhazini na mkewe, na yule mbwa wako aliyenirarua suruali, simdai.

Wako mtiifu katika dhiki,
Fausto Yumisaca

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilimsomea barua hii swahiba wangu Klever Lema. Alikubali kila neno, na papo hapo akaenda kutengeneza basi lake kwa njia yetu ya jeki moja na utepe. Mimi nilimshikia taa. Alitoka kidogo chini ya basi kuniuliza azungushe mara mbili au mara tatu. Sikuwahi kumjibu. Jeki iliteleza, basi likakaa chini. Pale alipokuwa amelaza kichwa, sasa haipiti hata sahani.

Tulikaa chini. Kisha Klever akaniuliza kama mama mkwe wangu yuko nyumbani.

Tafadhali ichane barua hii. Stendi ziongezwe. Nimekwenda mwenyewe kumwomba Mama anifundishe. Amesema nije kesho asubuhi, na mdomo niuache kwangu.